Adoyo kwa Herufi Nyekundu

Jumatatu, 4 Juni 1973

Nimeacha kazi kwa Ekisa! Miaka yote hiyo nimetembeza wanunuzi wa ploti kutoka Burumba hadi Malaba, na kila kibao kimeandikwa EKISA. Mimi nilikuwa “yule dada wa Ekisa.” Basi. Leo nimeanza kwa Mukhwana, ofisi mpya hapa Malaba, na neno lake la kwanza — kila wakala wake anaweka jina lake mwenyewe kwenye kibao. Jina langu! Nimecheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani.

Jumanne, 5 Juni

Kazi ya kung'oa. Ekisa anataka vibao vyake, na wenye ploti wachague wenyewe, kubaki naye au kunifuata. Ni haki yake. Nimezunguka na baiskeli mpaka miguu imekufa ganzi. Wote wamebaki! “Wewe dada tunakupenda, lakini Ekisa ndio tunajua.” Yaani! Nani aliyewaletea wanunuzi, Ekisa na kitambi chake?

Mmoja tu kanifuata. Mama Apeduno, mjane wa Chakol, mwenye ploti kando ya barabara kuu. Kasema Ekisa hajawahi kumwona kwa macho, aliyekula ugali wake wa wimbi ni mimi. Shemeji zake wamekubali auze, lakini shingo upande. Mukhwana naye kanikumbusha: lete mnunuzi wa hiyo moja kwanza, tuone kama una watu. Kwa hiyo Apeduno ndiye kila kitu.

Jumatano, 6 Juni

Jacktone fundi wa rangi kauliza neno gani liwe kubwa kwenye kibao changu. PLOTI, au INAUZWA? Nikamwambia ADOYO. Akanitazama. Nikasema, andika tu, baba, na iwe nyekundu! “Inauzwa” imebanwa chini kabisa, kama abiria aliyechelewa. Haidhuru. Rangi bado mbichi na mimi kila mara natoka kwenda kuitazama.

Alhamisi, 7 Juni

Kibao kimesimama kwa Mama Apeduno! Dereva wa lori kapunguza mwendo, akasoma, akapiga honi. Nilikaribia kumpungia mkono — nilimpungia. Mama Apeduno kasema sasa nimekuwa mtu mkubwa. Halafu nikapita sokoni Chakol kwa akina mama wa mboga: mtu akiulizia ploti, msiseme Ekisa tena, semeni Adoyo. Wakalirudia wote kwa pamoja. Lilikuwa tamu masikioni!

Ijumaa, 8 Juni

Mvua. Hakuna mnunuzi. Nimepita kukitazama kibao. Kizuri bado.

Jumamosi, 9 Juni

Chakol. Naandika nimekaa kwenye jiwe chini ya kibao changu, maana wamenikataza kuondoka.

Etyang, shemeji mkubwa wa Mama Apeduno, kaja na ndugu zake. Huku, anasema, mtu akishanunua shamba ndipo anaposimamisha jina lake. Kwa hiyo Apeduno kauza kwa siri, tena kwa mtu wa kutoka mbali! Mama wa watu analia. Nimeapa mimi ni wakala tu. Mbona jina la Ekisa lilikaa hapa na hamkusema kitu?

“Ekisa ni ofisi,” kasema Etyang. “Adoyo ni mtu.”

Kaniwekea panga miguuni: nilikwangue jina hilo kwa mkono wangu, au ploti haiuzwi tena, kwa yeyote. Wanangoja. Jina langu, lina siku mbili tu! Lakini Mama Apeduno ananitazama, na ploti hii ndiyo niliyo nayo. Nafuta. Ndiyo, nafuta, acha nimalize mstari huu —

Gari limesimama. Mwanamume wa kofia. Anasoma kibao! Anasema katoka Eldoret, akina mama wa sokoni wamemwelekeza, anatafuta mahali pa kujenga loji ya wasafiri, na ameambiwa ploti hii ni ya Adoyo.

Etyang amewageukia ndugu zake: “Mmesikia?”

Mwanamume anauliza mara ya pili, Adoyo ni nani. Panga liko hapa miguuni, na mimi, Mungu anisamehe, natamani alitaje jina hilo mara ya tatu.