Pipa Alilolikata Alcide

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana mume wangu Alcide amekataa katakata kwenda kuonana na wenzake aliopigana nao Vietnam, na yeye ndiye mpishi wao miaka yote, nyama yake ya kuchoma wanaifuata hapa Louisiana hata kutoka Texas, na mwanamume huyu mimi namvulia kofia, saratani ya damu imemtesa mifupa mpaka kukohoa kukawa adhabu, akapandikizwa uboho, akatoka hospitali hana hata nyusi, na siku hiyo hiyo akauliza bamia zake nani kazimwagilia. Chozi hakutoa. Sasa juzi daktari kamweleza kwamba ugonjwa huo huenda umetokana na ile dawa ya kuua majani iliyomwagwa misituni kule vitani, iliyokuwa ikija kwenye mapipa yenye mstari wa rangi ya chungwa, na hapo ndipo alipolia, kwa sababu huko huko vitani pipa moja tupu alilikata mwenyewe katikati, akalisuuza, akalifanya jiko, akawachomea wenzake nyama, na rafiki yake Wilfred, mlaji kuliko wote, amekufa kwa saratani hiyo hiyo.

"Nikawatazame kwa macho gani, Odile?" ananiambia. "Niliwalisha sumu kwa mkono wangu."

Mjane wa Wilfred, Verdie, amenipigia simu: "Shemeji asipokuja nitakula nini mimi? Marehemu mpaka hospitalini alikuwa anaisifia ile nyama ya pipani." Sijamwambia Alcide, naogopa kumtonesha kidonda. Nifanyeje?

Odile, Opelousas

Odile,

Pole, mama. Mtu anayetoka kupandikizwa uboho akaulizia bamia si wa kawaida, wala wewe uliyemuuguza. Lakini hapa umenikera. Dawa ya kidonda chake umepewa kwenye simu, ukaificha, ukaja kuniuliza mimi.

Leo hii mpigie Verdie, mpe Alcide simu, kisha toka ukamwagilie bamia. Usisimame mlangoni kusikiliza. Jumamosi aende, na kama hataki kupika wapike wengine, hata nyama ikiungua. Akifika awaeleze alichoambiwa na daktari, kwa sababu wapo pale wanaoumwa mifupa na kusingizia uzee, nao wakapimwe damu mapema. Hiyo kazi hakuna anayeiweza kama yeye, maana wamezoea kumwamini.

Akisema tena kwamba aliwalisha sumu, mjibu hivi: Alcide, pipa ulilikata, hukulijaza wewe.