Neno Nililomwambia Bi Somoe

Kitaya, Mtwara
Novemba 1999

Kamwene mama,

Najua anayekusomea ni wifi Eliza, nawe umekaa naye jikoni karibu na moto, maana asubuhi za Njombe hazijaacha ubaridi. Eliza, msomee mama taratibu, na usiruke mstari hata pale utakapoona nimejiaibisha. Mgongo unaendeleaje, mama? Mahindi mmeshapanda, au bado mnasubiri mvua? Na baba, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tupo hai, na neno hilo siku hizi siliandiki kwa mazoea.

Barua ya mwezi uliopita ilikuwa fupi, nikasema hatuna neno. Nilikuficha. Sikutaka ukose usingizi kwa jambo ambalo mimi mwenyewe sikujua litaishaje. Sasa nakueleza yote.

Miezi hii huku ni ya korosho. Joto linaanza mapema, saa mbili asubuhi bati la nyumba ya mwalimu limeshapata moto. Watu wanahamia mashambani na watoto wao kuokota korosho, na darasa langu la watu hamsini linabaki na kumi na wawili. Baba Upendo yupo kazini bandarini mjini, anakuja Jumamosi moja anaruka nyingine, akipata gari. Kwa hiyo nipo peke yangu na wajukuu wako wawili. Upendo ametimiza miaka minne, na kwa kuwa mchana kutwa anasikia wanafunzi, asubuhi ananiamkia, "Shikamoo mwalimu." Baraka ana mwaka na nusu, alikuwa ameanza kukimbia.

Ninapofundisha, wanakaa kwa jirani yangu Bi Somoe. Ni mama wa makamo, mkulima, anaishi nyumba ya pili kutoka kwangu, ameachika na hana mtoto nyumbani. Hakuna aliyemwomba. Wiki tuliyohamia alikuja akamchukua Baraka mgongoni akasema mwalimu hawezi kushika chaki na mtoto kwa mkono mmoja. Msimu ulipoanza akawa anaondoka nao asubuhi hadi shambani kwake, si mbali na shule, na mimi nawafuata saa saba. Wanarudi wananata mabibo, yale matunda ya mkorosho, mwili mzima. Gauni jeupe la Upendo, lile ulilomshonea la kanisani, limepata madoa ya kahawia ambayo hakuna sabuni iliyoyatoa. Usikasirike. Alikuwa na furaha.

Siku moja nikamfuata Upendo na mdogo wake kama kawaida, tukarudi shuleni kwa kuwa nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Yeye akacheza nyuma ya ofisi, mdogo wake amelala mkekani miguuni pangu. Jioni namwogesha kwenye karai, nikaona midomo imevimba, ngozi pembeni imekuwa nyeusi na inabambuka kama ya mtu aliyeungua na mafuta ya moto. Wanakijiji walijua mara moja. Korosho mbichi, mama, ganda lake lina mafuta yanayounguza. Mtoto akiing'ata, mdomo ndio unaolipa. Nikamuuliza aliitoa wapi, akalia tu, hakuweza kusema.

Mimi sikungoja aweze. Nilimbeba hadi kwa Bi Somoe, nikamkuta na wanawake wenzake wanachambua korosho uani. Nikamwonyesha ule mdomo. Akasimama, akanyoosha mkono amguse mtoto, nami nikamvuta Upendo nyuma. Nikamwambia mbele ya wote, "Kama angekuwa wa tumbo lako ungemwangalia."

  Bi Somoe alikaa chini akaendelea kuchambua, na nilipogeuka kuondoka nikamsikia mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu huyu hajui." Sikuuliza nisichojua ni nini. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinipa raha.

Kuanzia hapo nikaenda na watoto darasani. Baraka anararua vitabu, Upendo ananyonya uji kwa kijiko kidogo tone kwa tone, na mimi naandika ubaoni huku nageuka kila sentensi. Bi Somoe akipita na ndoo yake ya maji anasalimia wanafunzi, mimi ananipita.

Wiki ya pili midomo ilianza kupona, Upendo akaanza maneno. Nilikuwa nampaka mafuta, akaniambia ile korosho aliiokota nyuma ya ofisi ya walimu. Nikamwuliza, siku ile ulipokuwa na Bibi Somoe? Akasema, "Ulikuwa unaandika. Nilikuita, ukasema ngoja."

Mama, nilikumbuka kabisa. Aliniita na nilisema ngoja, bila kuinua kichwa.

Nilipaswa kwenda siku ileile. Nikajiambia kesho. Kesho yake nikajiambia Ijumaa, nikamkute ametulia. Kumbe mwalimu anayewafundisha watoto wa wenzake kusema nisamehe, yeye mwenyewe ulimi wake ni mzito.

Ijumaa haikufika. Alhamisi Baraka aliamka na homa. Nikampa dawa, nikamlaza nyuma ya darasa, na kabla ya saa tano nikasikia watoto wanapiga kelele. Macho yalikuwa yamegeuka, mikono imekakamaa, anatetemeka mwili mzima. Nilimbeba nikatoka nje sijui naelekea wapi. Wanawake wakajaa. Wakasema ni degedege, zahanati nisimpeleke, maana mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, wakaanza kutafuta majani ya kumfukiza. Na mimi, mama, mwenye cheti cha ualimu, niliyewafundisha darasa la tano habari za mbu na malaria, nilitikisa kichwa kukubali. Nilitaka mtu yeyote aniambie la kufanya.

Bi Somoe alikuja akiwa bado na mikono myeusi ya korosho. Hakumsalimia mtu. Alimtoa Baraka mikononi mwangu, akaniambia, "Wangu nilianza kwa mganga. Nilipofika zahanati alikuwa amekwisha. Huyu tunaanza na sindano."

Akatangulia mbio, mimi nyuma yake. Tabibu akamchoma sindano, akasema apelekwe hospitali mjini upesi. Nje kulikuwa na lori linapakia magunia ya korosho. Dereva alitaka kumaliza kupakia kwanza. Bi Somoe alisimama mbele ya lori na mtoto kifuani mpaka yule dereva akafunga mlango wa nyuma. Akanikabidhi mwanangu kwenye kiti cha mbele, ndipo nikakumbuka nina mtoto mwingine. Akasema, "Upendo yuko kwangu." Baada ya yote niliyomwambia.

Tulikaa hospitali siku nane. Baba Upendo alikuwa anatoka kazini anakuja moja kwa moja na nguo za bandarini, anakaa chini kando ya kitanda. Siku tatu Baraka hakufungua macho. Ya nne alifungua, lakini hakunitazama mimi, alitazama tu. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Daktari anasema huenda yote yatarudi, huenda yasirudi yote. Yale maneno yake manne, "mama", "maji", "taa", na lile la kumwita dada yake, hayapo. Kutembea amesahau. Anatambaa, na mguu wa kushoto anauburuta.

Nilipomrudisha Kitaya nilimkuta Upendo kwa Bi Somoe, amenenepa, midomo imepona, limebaki doa jeupe pembeni. Nilipiga magoti pale pale uani. Nilianza kueleza habari ya ofisi na madaftari, akanikatiza. "Samahani yako nimeisikia, mwalimu. Lile neno bado lipo, nalo litakaa linapokaa. Sasa nipe mwana, wewe kafundishe."

Hakusema amenisamehe. Sijui kama amenisamehe. Kila asubuhi anampaka Baraka mafuta ya nazi mguuni, anaunyoosha na kuukunja, na mimi nikimtazama ananiambia nitachelewa.

Umeniandikia, hata kabla ya kuyajua haya, niwalete watoto kwako wakakulie huko kwenye baridi, pasipo na mbu. Nimelifikiria sana, na baba yao pia. Upendo ningeweza. Baraka bado yupo mkononi mwa daktari, na mguu huu una mtu anayeujua. Nakuomba uje wewe, mama, kabla mvua hazijakata barabara. Njoo umwone, na unifundishe namna ya kuishi na mtu uliyemkosea naye anakutendea mema.

Nisalimie baba. Nisalimie shangazi mkubwa, yule wa kwaya, na mama mkwe wangu kule ng'ambo ya mto, mwambie mwanawe anakula vizuri. Eliza, asante kwa kusoma, na pole kwa kulia mbele ya wageni kama wapo.

Leo asubuhi Baraka alishika ukuta wa Bi Somoe akasimama. Hakupiga hatua. Alisimama mpaka mguu ukaanza kutetemeka, akakaa chini taratibu mwenyewe, mimi na Bi Somoe tukiwa tumenyoosha mikono.

Mwanao,
Tulia, mama Upendo