Mashine Nimeizima

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini mgongo umekuachia na unalala vizuri. Sisi huku tunapumua, mengine nitakueleza taratibu.

Najua umbea umeitangulia barua hii, kwamba nimefilisika na kufunga mashine ya kusaga. Waambie wafunge midomo. Mashine yangu haijawahi kukosa foleni. Unga wangu unaujua, laini kama poda. Watu walikuwa wanazipita mashine za wenzangu waje kwangu. Nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe, mkanda nimeuvua. Kwaya nimeacha, uenyekiti wa kina mama nimewaachia, na upishi wa harusi pia. Wanasema naringa. Kinyozi jirani naye analalamika kwamba tangu kelele ziishe, anasikia wateja wanavyomsengenya.

Sababu ni kitindamimba wangu, Malkia. Unajua ninavyojisifia mtoto huyu, na haki ninayo. Kila mgeni nilimwambia amtazame mwanangu, mkubwa akiongea anamkazia macho usoni mpaka amalize, hana papara. Nikasema hayo ndiyo malezi yangu.

Juzi juzi mwalimu wake akaniita. Nikavaa gauni la sherehe, nikijua naenda kupokea sifa. Akaniuliza kama nyumbani mtoto akiitwa kwa nyuma huwa anageuka. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba sisi watu wa mashine hatuitani, tunapigiana kelele, na kila mtu huuliza “nini?” mara mbili tatu ndipo aelewe. Mwalimu akaweka kalamu chini. Na mimi nikavuta kiti nikakaa, maana nilikuwa nimeyasikia maneno yangu.

Tukaenda kwa daktari wa masikio. Dada, Malkia hasikii. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linafifia, na huenda nalo lisifike mwisho wa mwaka huu. Dawa ya kulirudisha hakuna. Yale macho niliyoyaita adabu, kumbe alikuwa anasoma midomo yetu. Amejifunza peke yake, bila kufundishwa na mtu. Nani mwingine ana mtoto mwenye akili hivyo? Nilimwambia daktari maneno hayo hayo. Nikamuuliza kama ni mashine yangu. Akasema hapana, ugonjwa ulikuja wenyewe, ila kelele zile zilikuwa zinameza hicho kidogo anachosikia.

Basi sasa nashinda naye. Akitoka shule tunafunga madirisha ya jikoni, namsimulia kila kitu: alivyozaliwa, babu yake alivyokuwa akikoroma, wewe na mimi tulivyogombania kitanda. Mimi sauti ya chini sina, unanijua. Ananiwekea kidole mdomoni, ananiambia mama, polepole, usinifokee. Anachoka upesi. Jioni nyingine anaitikia kwa kichwa tu, na najua ananiridhisha tu, hajasikia.

Majuzi ameniuliza mama mkubwa anachekaje. Nikajaribu kukuigiza, nikashindwa. Kwa hiyo nakuomba uje, dada. Shughuli zako nazijua, hazijawahi kwisha hata siku moja, ziache hapo hapo. Usingoje likizo.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Ukifika, kaa upande wake wa kulia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Malkia