Kambale Katika Bwawa la Bi Mwanaidi

Jumatano. Mvua ya alfajiri imekatika, jua linaunguza. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai imepoa mezani.

Kazi yangu ni kupeleka vifaranga vya perege kwenye mabwawa, ya serikali na ya watu binafsi. Huku Buguruni wananiita Bwana Samaki, na jina hilo nimelipenda mno. Mwaka jana nilimimina madebe mawili ya vifaranga kutoka mtoni katika bwawa la Bi Mwanaidi, mjane aliyelichimba kwa jembe lake mwenyewe nyuma ya nyumba. Nikamwahidi kwamba atakula samaki mpaka awagawie majirani.

Leo asubuhi nilikwenda kukagua. Nilitupa wavu mara tatu, nikapata perege wanne tu.

"Mie nilijua," alisema Bi Mwanaidi. "Ni huyo Athumani. Anavua nikienda sokoni. Nimeshamtangaza kisimani, na salamu yake siitikii."

Mzee Athumani ni seremala, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Bi Mwanaidi akaingia ndani kufuata maji ya kunywa. Nikatupa wavu tena, karibu na matete. Akatoka kambale mnene kama mkono wangu, tumbo limemjaa.

Nilielewa papo hapo: kambale hula perege, na huyu ndiye mwizi. Siku ile mtoni niliona vitoto vyenye sharubu ndani ya debe. Nilipaswa kuvichambua kimoja kimoja. Niliona uvivu.

Nikamrudisha majini kabla mama wa watu hajatoka.

Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilimficha. Nikaaga, nikapanda baiskeli.

Sikufika mbali. Njiani nilikutana na Mzee Athumani amebeba ubao begani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kwa jirani? Hajambo? Siku hizi hanisemeshi, wala sijui nimemkosea nini."

Nikashuka kwenye baiskeli. Nikamwambia, "Turudi pamoja, mzee. Kosa ni langu."

Nilisimama uani, kofia mkononi, nikaeleza yote: debe, kambale, na jinsi nilivyomficha. Bi Mwanaidi alilitazama bwawa. Kisha akamgeukia jirani yake.

"Nimekuita mwizi mbele za watu, Mzee Athumani. Nisamehe."

Mzee aliutua ubao chini. "Kumbe ndiyo maana wanawake wanakatisha mazungumzo nikipita," alisema. Akauinua ubao wake, akaenda zake. Hakusema amesamehe.

Nilitamani Bi Mwanaidi anitukane. Hakunitukana.

"Kesho asubuhi uje kisimani," aliniambia. "Hayo uliyoyasema hapa, uyaseme na kule, wayasikie wote."

Nimekubali, na nitakwenda.

Lakini si hilo linalonizungusha chumbani tangu nirudi. Siku ile ile, kutoka mto ule ule, nilimimina madebe mengine katika bwawa la serikali kule Ukonga, ambako kila mtu anaruhusiwa kuvua. Katika taarifa yangu niliandika perege watupu, nikatia sahihi. Mkubwa wangu alinisifu mbele ya wenzangu.

Barua ya kumweleza ukweli nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeichana.

Akina mama wa kisimani nitaweza kuwakabili. Je, naye nitamkabili?