Ukurasa wa Akina Mama Wanaojifungua Peke Yao

Mama Consolata,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu ajifanye mzima kwenye barua.

Tangu tukuzike, tovuti yetu naibeba peke yangu. Wenzetu wamepata kazi kwingine. Mafuta ya gari hayapatikani, kwa hiyo natoka Mutanga Nord kwa miguu hadi ofisini Kinindo, na nikifika umeme hakuna. Nakaa nausubiri. Ukirudi, nachukua utafiti mrefu, naufupisha uwe kurasa mbili ambazo mtu wa wizara ya afya anaweza kuzisoma akaamua jambo. Kila nikiandika neno gumu, nakusikia: "Apana, Odette. Mukubwa hana muda. Andika kama unaelezea shemeji yako."

Ulikuwa mkunga miaka mingi kabla ya kukaa mbele ya kompyuta. Ndiyo maana ukurasa mmoja haukukutoka moyoni: ule wa kumruhusu mama mwenye uchungu awe na mtu wake chumbani. Uliniambia habari za msichana aliyejifungua akiwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda, huku mama yake mzazi akilia nje. "Mi ndiye nilimufungia mulango," ulisema. Kisha ukaendelea kumenya chungwa lako.

Mkurugenzi wa huduma za uzazi kule wizarani aliukataa ukurasa ule wewe ungali hai. Alisema tafiti hizo ni za mbali, wodi zetu hazina nafasi. Ulipoondoka, nikaona hakuwa amekosea kwa yote. Nikazunguka wodi kadhaa, nikawauliza wakunga, nikaongeza habari za hapa kwetu: pazia kati ya vitanda, mtu mmoja kwa kila mama, na yale ambayo utafiti bado haujui. Nikamtumia kwenye simu yake.

Jumanne iliyopita alituita wizarani, mimi na wakuu wa hospitali. Umeme ulikuwa umekatika, akausoma ukurasa wetu kwa sauti kutoka kwenye simu, hadi mwisho. Akauliza, "Nani aliandika hii?"

Nikataja jina lako. Watu wakainamisha vichwa. Baadaye akasema hospitali mbili zianze, nyingine zingoje.

Mbili tu, Mama. Sikushangilia. Nilitoka nje nikapiga namba yako kabla sijakumbuka. Akapokea Nadine, binti yako. Nikamweleza. Alilia kidogo, halafu akasema, "Mama angeuliza kwa nini mbili." Tukacheka, kicheko kibaya cha watu waliochoka, na hakuna aliyetaka kukata simu.

Nakuaga sasa, mwalimu wangu. Nakuahidi: nitakwenda mwenyewe kwenye hospitali hizo, nitaandika yanayokwenda na yanayokwama, hata ya kutuaibisha. Na mkurugenzi sitamwacha atulie mpaka aongeze ya tatu.

Wewe lala. Kusumbua watu niachie mimi.

Odette wako