Nilipomwita Miss Hana "Mama Lusi"

Ibadakuli, Jumamosi, mwezi wa saba, 1953

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wa kiangazi unaoingiza vumbi mpaka kwenye meno. Nyumba imejaa pamba na wageni. Nimekuja kukaa nyuma ya ghala na hakuna aliyeuliza nimekwenda wapi.

Jumatatu lori linamchukua dada Kabula kwenda Geita kwa mumewe, seremala wa kwenye mgodi wa dhahabu. Ng'ombe wa mahari wameshafika, wameshakaguliwa, wameshasifiwa. Kila mtu ana furaha, na mimi pia natakiwa niwe nayo.

Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu mwingine. Kabula si dada yangu. Ni mama yangu.

Nilijua wakati wa Pasaka. Tulikuwa tunagombania ndoo na binamu yangu, akakasirika akasema, "Wewe hata mama yako unamwita dada." Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Nilichukua ndoo nikaenda zangu kisimani, na njiani mambo yakajipanga yenyewe. Mwanamume aliyenizaa hakuleta ng'ombe, basi nikabaki mtoto wa baba yake Kabula. Kwetu ndivyo ilivyo, wala si aibu. Nimekua nikimwita bibi yangu mayu, kama Msukuma yeyote anavyomwita mama yake, na Kabula nikamwita dada kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Sidhani walinificha. Hawakuniambia tu. Nao hawajui kwamba ninajua.

Sasa kitabu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alinipa hadithi ya siri niisome likizo, nirudi na maoni yangu. Inamhusu msichana, Lusi, yatima, anayelelewa na babu yake na shangazi yake katika nyumba kubwa yenye chumba kisichofunguliwa. Kila mwaka nguo za kichanga zinatoweka sandukuni na kurudi zimefuliwa. Ukifika mwishoni unaambiwa kwamba shangazi, Miss Hana, ndiye mama mzazi. Mwalimu alinionya nisimwambie mtu mwisho wake.

Nilikimaliza ndani ya basi. Nikageuza nikaanza upya.

Wiki hii kina mama wa jirani wamekuwa wakija kutusaidia kuchambua pamba, safi upande huu, fifi yenye madoa upande ule. Mayu akasema, "Mtoto wa shule, tusomee, mikono ina kazi lakini masikio yanalala." Kwa kawaida ningekataa. Mbele ya watu huwa naona haya kusoma. Safari hii nilikubali haraka, hata yeye akanitazama. Nilitaka kusikia watu wazima wanasemaje juu ya mama wa namna ile, bila mimi kuuliza.

Kumbe nilikiharibu siku ya kwanza.

Kwenye kitabu yule mwanamke ni Miss Hana tu. Nilikuwa nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, na kwenye mkeka wamekaa wanawake walionizidi umri. Utamtajaje mwanamke mzima jina lake tupu, kama unamwita mbuzi? Ulimi ukatafuta adabu wenyewe. Nikasema, "Mama Lusi akapanda ngazi."

Mama Shija, jirani yetu ambaye hapitwi na neno, akainua kichwa. "Mama Lusi? Si ulisema mtoto ni yatima?"

"Ni shangazi yake," nikasema.

"Na shangazi huyo ana watoto wake?"

"Hana."

"Basi wewe umama huo umeutoa wapi?"

Nikainamia kitabu.

"Haya, siri imekwisha," akasema, akitupa fifi kwenye lundo lake. "Leta kitabu kingine."

Walicheka wote. Kabula hakucheka. Alikuwa ameinama, anatoa jani kavu kwenye pamba, jani ambalo hata mimi nililiona limeshatoka.

Nilidhani basi, yameisha. Lakini kesho yake wakadai niendelee, na sasa hawakutaka kujua nani, walitaka kujua kwa nini. Mama Shija hakukipenda kitabu hata kidogo. "Kwani hao hawana majirani? Mtu abebe mimba mpaka ijae, azae, na mtoto akue mpaka awe na matiti, asijue? Sisi hapa tungemwambia kabla hajaota meno." Halafu akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mayu alikohoa. Nikajua wote wanajua.

Bibi Holo, mzee kuliko wote pale, yeye alimtetea Miss Hana. "Mwanamume hakuleta kitu, mtoto ni wa babu yake. Sasa aseme nini? Mtoto amekula, amevaa, amesoma. Kinachotakiwa kingine ni kipi?"

"Aitwe mama," Mama Shija akasema.

"Jina halishibishi."

"Wewe unaitwa Bibi na watu kumi, ndiyo maana umeshiba."

Walicheka tena. Kisha Mama Shija akaligeukia suala la Lusi. Akasema msichana huyo naye ni mjinga, anaishi na mama yake nyumba moja na haoni. Nilisoma ukurasa uliofuata kwa kuruka mistari.

Kuna kitu sijaweza kumwambia mtu. Kwenye mkeka ule kila mwanamke ni mama wa fulani. Kabula peke yake ni Kabula. Hajaolewa, kwa hiyo hata watoto wadogo wanamtaja hivyo hivyo. Akizaa huko Geita ataitwa kwa jina la mtoto huyo, na watu wataanza kuhesabu kutoka hapo. Mimi nitakuwa mdogo wake aliyebaki Shinyanga. Nitakuwa shangazi wa mtoto anayeshika nafasi yangu. Hapana, mama mdogo. Hata sijui nitakuwa nani.

Siku zote nne Kabula hakutoa maoni. Mimi nilikuwa nasoma kwa ajili yake tu, na yeye anachambua.

Leo mchana tulikuwa wawili chumbani, namsaidia kufunga mizigo. Alikuwa amepiga goti juu ya mkeka aliouviringisha, anaukaza kamba. Hakunitazama. Akauliza, "Lusi alipojua, alimwitaje?"

Ningeweza kutunga. Nimetunga mengi wiki hii, nimewapa watu wa kitabuni ng'ombe na mashamba ya mtama. Lakini nilimwambia kweli. "Hakumwita chochote. Aliondoka kwa treni kurudi shule, akanyamaza. Kitabu kinaishia hapo."

Kabula alikaza fundo.

"Basi kitabu kibaya," akasema.

Akachukua mzigo mwingine. Nilitoka nikaja huku.

Mwalimu anataka maoni yangu. Nilikuwa nimeshayapanga kichwani, kwamba mwisho ule ni mzuri, una heshima, msichana mwerevu huficha anachokijua ili asimuumize mtu. Niliyaamini kabisa. Sasa naona Lusi alikuwa mwoga, kama mimi, na mwandishi akaupa woga wake treni ili upendeze.

Sitasema mbele ya watu. Sijui wakweze wameambiwa nini, na sitaki kumharibia safari. Lakini kesho alfajiri tunakwenda kisimani mimi na yeye, mara ya mwisho, na njia ni ndefu.

Mayu ni jina la bibi yangu na sitamnyang'anya, amelifanyia kazi. Ila "mama", hilo tupu, bila jina la mtoto wa mtu nyuma yake, sijawahi kumpa mtu yeyote. Nimelijaribu hapa sasa hivi kwa sauti. Kuku wawili wamegeuka.

Limetoka vizuri tu. Kesho nitalisema akiwa anasikia.