Kitambaa cha Sista Juu ya Kompyuta

Jumanne, baada ya sala ya jioni

Fundi alipofungua kompyuta ya shule, mende walitoka mbio, na ndani vumbi lilikuwa limegandamana na kinyesi chao. Akachomoa kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, akaitemea mate na kuisugua kwa shati lake! Niligeuza uso.

"Imeungua, Sista," akamwambia Sista mkuu. "Naweza kuilehemu, ila itakufa tena. Bora mpya, zipo Songea."

"Na hiyo mpya, kwa nini isife pia?" Sista akauliza. "Afadhali irudi stoo."

Stoo! Tuna kompyuta moja tu, na somo la kompyuta tumelianza muhula huu.

Nikajikaza. "Samahani, Sista. Labda ni kitambaa."

Sista alikifuma mwenyewe, chenye maua. Hukitandaza juu ya kompyuta hata ikiwa inawaka, kama nyumbani tunavyofunika redio.

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe! Mmeivalisha sweta, nayo ina homa!"

Sista hakucheka. Alikikunja kitambaa taratibu, akakitia mfukoni.

"Lete mpya," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwenye macho, fundi atakuonyesha kuifungua. Kila Jumamosi utaisafisha, mende na vyote."

Mende! Nimenawa kwa sabuni mara mbili na bado nahisi miguu yao ikinitembea mwilini.

Lakini nitaifungua mimi.